Programu ya Stoo ya Dawa: Tuiuze au Tuiachie Wote?

(Mada iliyotolewa na idara ya afya na maendeleo mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili. Tunaichapa kwa ombi la wajumbe ambao hawakuweza kufika mkutanoni.)



 Ratiba inasema mada inahusu kompyuta, na tumewaona baadhi yenu mkiangalia saa. Msiwe na wasiwasi. Tumekuja kuomba uamuzi juu ya mali, na mali yenyewe ni yenu.

Mali hiyo ni programu inayotumika katika stoo za dawa za zahanati zetu. Wengi mnaifahamu. Mhudumu anapopokea dawa kutoka Bohari ya Dawa au kwenye duka la jumla, anaingiza idadi, bei na tarehe ya kuisha muda. Anapotoa dawa kwa mgonjwa, anapunguza. Mwisho wa mwezi programu inamwonyesha kilichobaki, kitakachoisha muda kabla hakijatumika, na fedha zinazotakiwa kuwamo sandukuni, kisha inampa hesabu anazohitaji kwa ajili ya vitabu vya MTUHA. Inafanya kazi bila intaneti, kwa Kiswahili, kwenye kompyuta kuukuu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hili nalo ni daftari tu, ila lina uwezo wa kujumlisha.

Katika robo iliyopita zilitufikia barua mbili. Ya kwanza ilitoka kwa kampuni moja ya kompyuta. Inataka kuinunua programu pamoja na haki zote, kwa sharti kwamba tangu siku hiyo sisi tuitumie kwa leseni yao na tusimpe mtu mwingine yeyote. Miaka miwili ya kwanza tutatumia bila malipo. Baada ya hapo kila zahanati italipa ada ya mwaka. Fedha wanazotoa si za kubeza. Zingetosha kumalizia jengo la wazazi lililosimama kwenye linta, na wajumbe wa parokia husika hawahitaji kukumbushwa limesimama tangu lini.

Barua ya pili ilitoka kwa idara ya afya ya jimbo jirani. Wao hawana fedha. Wanaomba nakala, na wanaomba ruhusa ya fundi wao kuirekebisha, kwa sababu utaratibu wao wa kuchangia gharama za matibabu si kama wetu.

Tukiikubali barua moja, nyingine lazima tuikatae. Ndiyo maana tuko mbele yenu.

PAMPU NA MCHORO WAKE

Tuanze na kitu ambacho kila kamati hapa imekishika kwa mikono. Pampu ya mkono iitwayo India Mark II ilizaliwa nchini India katika miaka ya 1970, UNICEF ikishirikiana na serikali na wahandisi wa huko, na mfano waliouanzia ulikuwa pampu ya mafundi wa misheni huko Sholapur, katika jimbo la Maharashtra. Afridev ikafuata katika miaka ya 1980. Kazi yake ya mwanzo ilifanyika Malawi, kisha ikajaribiwa na kuboreshwa Kwale, pwani ya Kenya. Shabaha ilikuwa kwamba wanakijiji wenyewe, wakiwamo akina mama wanaochota maji hapo, waweze kuifungua na kubadilisha vipuri kwa spana moja, bila kungoja gari la fundi kutoka mjini.

Michoro ya pampu hizi mbili ni ya watu wote. Hakuna kampuni yenye haki ya kuwazuia wengine wasizitengeneze. Kiwanda chochote, kiwe India au Kenya, kinaweza kuchukua vipimo na kuanza kazi. Kwa sababu hiyo kipuri cha kisima cha kigango kimoja kinaingia kwenye kisima cha kigango cha pili, hata kama visima hivyo vilichimbwa na wafadhili tofauti katika miaka tofauti. Na wale ambao parokia zao ziliwahi kuletewa pampu ya aina ya pekee, ambayo vipuri vyake vilipatikana kwa muuzaji mmoja wa ng'ambo, mnajua kilichotokea mradi ulipofungwa. Nguzo bado ipo. Watoto wanaipanda.

Hata hivyo tusizisifu tu. Kwa kuwa yeyote anaweza kuzitengeneza, wapo wanaozitengeneza vibaya: mabomba yanayoshika kutu mapema, fimbo zisizo na unene uliotakiwa. Mnunuzi wa kijijini hawezi kutofautisha kwa macho. Ndiyo sababu shirika la Skat la St. Gallen, Uswisi, limekuwa likitunza na kuchapisha vipimo rasmi, ili anayeagiza pampu awe na karatasi ya kulinganishia. Mchoro ulikuwa wa wote, lakini ilibidi awepo mtu wa kuutunza, na mtu huyo ilibidi alipwe. Tunaomba mlikumbuke jambo hili, kwa sababu tutalirudia wakati wa kuzungumza fedha.

Programu nayo ina mchoro wake. Fundi anapoitengeneza anaandika maagizo kwa lugha ambayo fundi mwenzake anaweza kuisoma, na maandishi hayo huitwa msimbo. Ukimpa mtu programu bila msimbo, umempa pampu iliyochomelewa. Maji itatoa. Siku ikiharibika, lazima amwite aliyeichomelea. Programu inayotolewa pamoja na msimbo wake, na ruhusa ya maandishi ya kuitumia, kuisoma, kuirekebisha na kuwagawia wengine, huitwa programu huria. Ruhusa hiyo ya maandishi ndiyo leseni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowahusisha watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi kwa Kiswahili. Watu wale hawakupiga magoti kwa kampuni yoyote kuomba lugha yetu ikubaliwe. Msimbo ulikuwa wazi na leseni iliruhusu, wakaketi wakafanya kazi.

MFANO ULIOANZIA DODOMA

Wajumbe kadhaa wametuuliza kama kuna waliowahi kupita njia hii katika mambo ya afya. Wapo, na mfano mmoja ulianzia hapa hapa nchini.

Mwaka 2012 Mfuko wa Afya ya Jamii, ule tunaouita CHF, ulianza kutumia mkoani Dodoma programu ya kuandikisha wanachama na kushughulikia madai ya vituo vya afya. Ilitengenezwa chini ya mradi uliogharamiwa na serikali ya Uswisi, kwa usimamizi wa taasisi ya afya ya Uswisi iliyokuwa Basel wakati huo. Baadaye ikachukuliwa Cameroon na mfuko wa bima ya afya wa majimbo katoliki ya kanda ya Bamenda, na kisha Nepal, ambako serikali iliitumia katika bima ya afya ya taifa. Nchi tatu, taratibu tatu, na kila moja ilihitaji marekebisho yake. Ilikuwa dhahiri kwamba nakala tatu zikirekebishwa kila moja kivyake, baada ya muda zingekuwa programu tatu zisizosikilizana.

Kuanzia mwaka 2016 serikali za Uswisi na Ujerumani zikaungana kugharamia kazi ya kuifanya programu huria, na ikaitwa openIMIS. Zingatieni neno kazi. Programu ilikuwa imejengwa juu ya vifaa vya kampuni ya Microsoft ambavyo hulipiwa, kwa hiyo hata baada ya msimbo kuwa wazi, mtu aliyetaka kuitumia alikuta bado ana ankara ya kitu kilichoko chini yake. Sehemu kubwa ilibidi iandikwe upya, kidogo kidogo, kwa miaka. Kwa bahati njema mafundi wetu walitumia tangu mwanzo vifaa vya chini ambavyo navyo ni huria, na hivyo mzigo huo hatunao.

Wengine mtauliza: kama zipo programu huria za afya, sisi tulitengeneza yetu ya nini? Swali ni la haki. OpenMRS, programu ya kutunza rekodi za wagonjwa, ilianza mwaka 2004 kutokana na ushirikiano wa madaktari wa Indiana, Marekani, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Moi, na ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006. DHIS2, ambayo wizara zetu huitumia kukusanya takwimu za MTUHA, hutunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011. Zote mbili ni kubwa na nzuri, na kwa zahanati yenye mhudumu mmoja na sola moja zote mbili ni nzito. Yetu ni ndogo, inahesabu vidonge na fedha basi. Hatuna nia ya kushindana na Oslo.

HOFU MLIZOTUANDIKIA

Tulipowapelekea dodoso, parokia karibu zote ziliandika hofu moja: siri za wagonjwa. Tunaishukuru hofu hiyo, maana inaonyesha mnajali. Lakini kutoa msimbo ni kama kutoa mistari ya daftari tupu. Mchapaji anayejua safu za kitabu cha MTUHA hajui ni nani kijijini kwenu aliyetibiwa nini. Taarifa zenyewe hubaki kwenye kompyuta ya zahanati, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatubana kuzilinda iwe programu ni huria au la.

Kuna jambo dogo la kiufundi ambalo lazima lifanyike kwanza. Msimbo hutunzwa pamoja na historia yake yote, kila badiliko tangu siku ya kwanza. Humo ndani fundi huweza kuwa aliweka neno la siri la muda, au orodha ya majaribio. Kwa hiyo, likipita pendekezo letu, itatolewa hali ya leo ya msimbo peke yake, bila historia, baada ya kusomwa mstari kwa mstari na fundi wa nje ambaye hakushiriki kuiandika.

Hofu ya pili: mwizi akisoma msimbo ataona pa kuingilia. Hapa hatutawadanganya kwa maneno matamu. Mwaka 2014 iligundulika kasoro kubwa katika OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti za dunia. Kasoro ile, iliyopewa jina la Heartbleed, ilikuwa imekaa pale wazi kwa miaka miwili hivi. Mtu yeyote angeweza kuisoma. Hakuna aliyeisoma kwa makini ya kutosha. Ndipo ikajulikana kwamba kazi ambayo makampuni tajiri kuliko yote yaliitegemea ilikuwa ikipata michango ya hiari ya dola za Marekani 2,000 hivi kwa mwaka.

Kisha mwaka 2024 likatokea jambo la pili. Programu ndogo huria iitwayo XZ ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja wa kujitolea, aliyekuwa amechoka. Akajitokeza msaidizi mpole, mchapakazi, asiyejulikana sura. Kwa muda wa miaka miwili na zaidi alijenga imani hadi akakabidhiwa sehemu ya funguo, halafu akapachika mlango wa siri. Aligunduliwa na mhandisi Andres Freund, ambaye aliona kompyuta inachelewa kama nusu sekunde kumpokea, akakataa kulipuuza hilo, akafuatilia mpaka chanzo. Angekuwa anatumia programu iliyofungwa asingeweza kufuatilia. Wakati huo huo, mlango ule usingepachikwa kama yule mtunzaji asingeachwa peke yake.

Mnaosimamia miradi hapa mnaitambua hali hiyo bila kuelezwa: mhasibu mmoja wa kujitolea, hana msaidizi, kila mtu anamsifu, hakuna anayempokea mzigo.

Hofu ya tatu iliandikwa kwa ukali na parokia mbili: wengine watatajirika kwa jasho letu. Inawezekana. Kampuni inaweza kuichukua programu huria, ikaenda kuifunga katika hospitali binafsi na kutoza fedha za kufunga na kufundisha. Kusema kweli hilo halitunyimi usingizi, mradi tu lisifanyike kwa kuifungia tena. Na njia ya kulizuia ipo, tutaieleza.

BEI YA KUUZA

Ndani ya idara hatukuwa na sauti moja, na si haki kuwaficha. Upande wa hesabu unaona tuuze. Wanasema: fedha za kampuni ni za uhakika, jengo la wazazi ni la leo, na akina mama hawajifungulii kwenye msimbo. Hoja hiyo ni nzito, na kila tulipodhani tumeijibu ilirudi tena mezani.

Lakini tazameni kinachouzwa. Programu hii ilitengenezwa kwa fedha za wafadhili waliopo hapa na kwa michango ya jumuiya. Wahudumu wetu walikaa jioni na mafundi, wakieleza kwa nini dawa ya mseto huhesabiwa hivi na dripu vile. Tukiuza, kuanzia mwaka wa tatu zahanati zile zile zitalipa ada kwa ajili ya kitu zilichokwisha kukilipia, na ada itapangwa na mtu mwingine. Barua ya kampuni haitaji kiasi. Tuliuliza mara mbili, na majibu yalikuwa kwamba itategemea soko.

Historia ya jambo hili ipo. Mapema mwaka 1993 kulikuwa na njia mbili za kusoma habari kwa mtandao wa kompyuta. Moja, iitwayo Gopher, ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Minnesota na ndiyo iliyokuwa inaongoza. Nyingine ilikuwa wavuti, iliyobuniwa kwenye maabara ya CERN huko Geneva. Minnesota wakatangaza kwamba baadhi ya watumiaji watatozwa. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN wakatangaza kwamba programu ya wavuti ni ya watu wote, bila malipo. Watu wakahama. Zilikuwapo sababu nyingine pia, lakini hofu ya ada isiyojulikana ilikuwa miongoni mwa zile kubwa. Leo vijana wetu hawajui Gopher ni kitu gani.

Na kama kampuni ikifilisika? Mwaka 2002 kampuni moja ya Uholanzi iliyotengeneza Blender, programu ya kuchora picha zinazotembea, ilifungwa. Programu ikabaki mikononi mwa wawekezaji, haifanyiwi kazi na haiwezi kuguswa. Mtengenezaji wake, Ton Roosendaal, akakubaliana nao kwamba akileta euro 100,000 wataiachia. Akaomba mchango kwa umma mwezi Julai. Wiki saba tu, fedha zikatimia, na Oktoba 13 mwaka ule ule Blender ikatolewa huria. Filamu ya Flow kutoka Latvia, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2025, ilitengenezwa kwa programu hiyo. Habari njema, lakini Blender ilikuwa na wapenzi dunia nzima. Programu ya stoo ya zahanati za vijijini ikikwama kwa wadai wa kampuni, nani atapitisha bakuli kuikomboa?

Inabidi tuseme pia kwamba kuiachia huria hakurudishwi nyuma. Aliyekwisha kupata nakala na leseni hawezi kunyang'anywa. Tukibadili mawazo baada ya miaka mitano tutaweza kufunga matoleo yetu yajayo, ila yaliyotoka yametoka. Kwa hiyo msipige kura kwa kutufurahisha sisi.

TUNACHOPENDEKEZA

Tunapendekeza programu itolewe huria, chini ya leseni iitwayo AGPL, ile ile inayotumiwa na openIMIS. Zipo leseni zinazosema tu: chukua, fanya upendavyo, taja jina letu. DHIS2 hutumia ya namna hiyo, na imewafaa. AGPL inaongeza sharti: ukiirekebisha na kuwapa wengine, au ukiwahudumia wengine kwayo kwa njia ya mtandao, lazima uwape na msimbo wa marekebisho yako. Kampuni ile iliyotuandikia bado inakaribishwa kuitumia na hata kutoza kwa huduma zake. Isichoweza ni kuichomelea.

Kabla ya hapo lazima umiliki uwe safi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua programu za kompyuta kuwa kazi zenye wenyewe, na huwezi kugawa kisicho chako. Walioandika msimbo huu ni mafundi wawili walioajiriwa na idara, kijana mmoja aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo, na mkandarasi wa sehemu ya ripoti. Mikataba ya waajiriwa inasema wazi kwamba kazi ni ya idara. Kijana amekwisha kutia sahihi hati ya kukubali. Mkandarasi ameomba jina lake litajwe, nasi tunaona ana haki. Kwa upande wa wafadhili, wawili wametuthibitishia kwa maandishi kwamba hawana kipingamizi. Mmoja wenu anasubiri bodi yake ikae, na hatutatoa mstari hata mmoja kabla hajajibu.

Sasa fedha, kama tulivyoahidi. Kuweka msimbo hadharani hakugharimu chochote, zipo tovuti zinazoutunza bure. Kinachogharimu ni mtu. Jimbo jirani watauliza maswali. Fundi wao atatuma rekebisho, na lazima mtu alisome kabla halijaingia, kwa sababu ya mambo kama yale ya mwaka 2024. Bohari ikibadili mpangilio wa orodha zake, mtu arekebishe. Tumehesabu kwamba inahitajika siku moja ya kazi ya fundi kila wiki, na watu wawili wenye funguo, asiwe mmoja, ili akiugua au akiondoka kazi isisimame. Tunaomba gharama hiyo iwe mstari wa kudumu katika bajeti ya afya, na tunaomba wafadhili waichukue kwa miaka mitatu ya kwanza.

Tunajua tunaomba kitu kisichopendeza kwenye picha. Tumezunguka parokia zote za jimbo na tumesoma vibao vingi vya visima, madarasa na mashine za kusaga. Hatujawahi kuona kibao kinachosema kwamba utunzaji wa kitu hiki umefadhiliwa na fulani. Kama hakuna atakayeubeba mzigo huo, ushauri wetu unabadilika: wapeni jimbo jirani nakala kwa makubaliano ya maandishi kati yetu na wao, na hadharani isitoke. Kutoa kwa dunia nzima kitu kisicho na mtunzaji, tena kinachohesabu dawa za watoto, sisi hatuko tayari kukipendekeza.

Kuhusu jengo la wazazi, hatuna jibu la kuwaridhisha parokia husika leo. Tukiikataa kampuni, linta itaendelea kuwa linta mpaka andiko tulilolipeleka kwa wafadhili wengine lijibiwe. Mama Mkunga wa zahanati ile ameomba dakika kumi baada yetu, na tumemwomba Mwenyekiti ampe. Tafadhali msikilizeni kabla hamjapiga kura. Anayo hesabu ya wanaojifungua kwake kila mwezi na vitanda alivyo navyo.

Karatasi za kura ziko kwa makatibu wa parokia. Kila kamati ina kura moja, na kura zitahesabiwa mbele ya wawakilishi wa wafadhili. Jibu la barua zote mbili litatoka wiki inayofuata. Wajumbe wanaotaka kuiona leseni yenyewe watapata nakala mezani kwa Sista mhasibu, pamoja na muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili tulioutayarisha. Ile barua ya kampuni nayo ipo hapo, isomwe yote, pamoja na maandishi madogo ya ukurasa wa mwisho.